Safu ya Nne

Miaka kumi na mmoja nimeandika daftari la mishahara
katika kiwanda cha mashati cha Bwana Kostadinov,
ng'ambo ya mto Bregalnica, juu ya posta.
Safu ya kwanza, jina. Ya pili, saa.
Ya tatu, makato: kodi, bima, sindano zilizovunjika.
Ya nne, kinachobaki,
na hiyo haikuwahi kuniumiza kichwa:
niliinakili kutoka mwezi uliopita
kama mtoto anavyonakili ubao asiouelewa.

Trajanka alishona kola mia tatu kwa siku.
Vaska, mia mbili na kumi, akikohoa.
Mishahara yao ilikuwa pacha.

Mwaka ule mvua ilipoozesha pilipili hoho mashambani,
Blagorodna alipanda ngazi kuomba nyongeza.
Bosi alimfungulia dirisha,
kwa upole, sitamsingizia,
akamwonyesha mji kwa mkono wazi:
"Soko ndilo linalopanga, dada. Si mimi."
Blagorodna akachungulia.
Soko aliliona:
vibanda sita, mbwa,
na mwanamume mmoja akipanga vitunguu.

Mimi nilisoma uchumi mwaka mmoja na nusu kule Skopje
kabla baba hajaanguka.
Namkumbuka mhadhiri akichora mistari miwili,
huu wanaotaka kazi, huu wanaotoa kazi,
na pale ilipokatana akatia nukta, akaizungushia duara,
akapangusa chaki kwenye suruali kama aliyemaliza deni.
Hakutuambia kuna miji
ambako mwenye chaki ndiye mwenye ubao,
na nukta huiweka anapopenda.

Kisha wakaja Wajerumani.
Walinunua shamba la tumbaku kando ya reli,
wakasimamisha jengo jeupe lisilo na madirisha:
nyaya za magari, zamu tatu, basi la bure.
Bango lao lilikuwa na namba mbili tu,
ya simu na ya mshahara.
Watu walisimama chini yake
wakiisoma ile ya pili kwa sauti, kama jina la mtoto mchanga.

Trajanka aliondoka wa kwanza.
Aliacha mkasi mezani, na kitambaa cha kufutia miwani.
Jumatatu iliyofuata bosi alikuja akihema,
akasimama nyuma ya kiti changu.
"Safu ya nne. Ongeza elfu mbili."
"Kwa nani?"
"Wote."
"Kuanzia lini?"
"Jana."

Oda mpya haikuwepo.
Mashati yaleyale, mteja yuleyule wa Italia, bei ileile.
Vaska hakushona kola hata moja zaidi ya Ijumaa,
na kikohozi chake kilikuwa palepale.
Kumbe miaka yote nilidhani safu ile inahesabu mikono.
Ilikuwa ikihesabu milango:
mmoja, mmoja, mmoja, mmoja,
halafu miwili.

Husemwa fahali wawili wakipigana, ziumiazo nyasi.
Waliosema hivyo hawakuwahi kuwa nyasi ya fahali mmoja,
aliyeshiba, aliyelala juu yako,
asiyeona sababu ya kugeuka ubavu.
Mwaka ule walipigana, nasi tukapata mvua.
Vaska alikwenda kwa daktari wa mapafu.
Mtu fulani, simtaji, alinunua meno.

Mwishoni mwa Septemba, mji mzima ukinuka pilipili za kuchoma,
Blagorodna alirudi ofisini.
Nilidhani amekuja kushukuru.
Akavuta kiti, akalifungua daftari la zamani kabisa,
akaweka kidole kwenye jina lake.
"Zidisha," akasema. "Elfu mbili,
mara miezi yote hii."

Nikamwambia kikokotoo kimeisha betri.

Akakitazama pale mezani.
Ni kile chembamba, kinachotumia mwanga wa jua.
Akanyanyuka,
akaenda kufungua dirisha.